Kiu ya Mahindi, Damu ya Sungura

Mvua ikikatika, mkulima hujua mahindi yana kiu pale majani yanapojikunja. Mmea wenyewe umejua mapema zaidi. Homoni iitwayo asidi ya absisiki imeongezeka na kufunga vitundu vya majani ili maji yasipotee. Kiasi chake hupimwa kwa nanogramu, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu.

Kitu kidogo hivyo kinapimwaje? Njia mojawapo ni kingamwili, kwa kipimo cha ELISA kilichobuniwa Stockholm mwaka 1971, ambacho wengi wetu tulikisikia kupitia upimaji wa Virusi vya Ukimwi.

Ugumu ni kwamba molekuli ya homoni hii ni ndogo mno, na mwili wa mnyama hauishtukii. Wanakemia huigandisha kwenye protini kubwa, kisha humdunga sungura, naye hutengeneza kingamwili. Hapo mahali pa kuigandisha pana uzito wa ajabu. Ikishikwa kwa upande wake wa asidi, kingamwili zitahesabu pia homoni iliyofungwa na sukari, ambayo ni akiba isiyofanya kazi. Ikishikwa upande wa pili, zitatambua hasa ile iliyo huru. Anayetafiti ukame anaihitaji hiyo ya pili.

Katika kisahani cha vishimo 96, homoni ya jani hugombea kingamwili na homoni iliyounganishwa na kimeng'enya cha kuzalisha rangi. Kwa hiyo rangi ikififia, homoni ni nyingi.

Lakini maji ya jani yamejaa kemikali nyingine zinazoweza kuvuruga kipimo. Ukizimua sampuli maradufu, jibu lishuke nusu. Ukiongeza homoni ya kiasi unachokijua, kiasi hicho kionekane. Bila ukaguzi huo, mimi siamini tarakimu hata moja. Mashine za kupima uzito wa molekuli hutenganisha vizuri zaidi, ila bei yake ni kubwa, na mtafiti wa mbegu mwenye mamia ya sampuli hufaidika sana na kisahani.

Hata tarakimu sahihi haimwambii mtafiti mbegu ipi ni bora. Homoni nyingi huenda ni dalili ya mmea unaojihami vyema, au wa mizizi mifupi ambao tayari unateseka. Ndiyo maana maji yaliyomo kwenye jani nayo hupimwa, saa ileile.