Trekta Dogo la Familia: Tununue Jina au Tununue Kazi?

Miongoni mwa masuala yaliyoufikia ukurasa huu wa familia, lipo la nyumba moja ya Bonde la Kilombero. Mzee wa nyumba hiyo alifariki dunia akaacha mjane, watoto wawili watu wazima, na wengine wawili ambao bado hawajabaleghe. Aliacha pia shamba la mpunga na fedha kiasi, na sehemu ya wale wadogo ikawekwa mikononi mwa ami yao. Mikono ya kulima imepungua, na wote wakaafikiana kuwa linahitajika trekta dogo la nguvu za farasi ishirini na tano hivi. Walichohitilafiana ni jina. Ami alitaka trekta la Kijapani lililokwisha kutumika, lenye chapa inayofahamika kila kijiji. Kijana mkubwa alitaka jipya kutoka China, la bei inayokaribiana na hilo, ambalo jina lake hakuna jirani aliyepata kulisikia.

Kabla ya kuzungumzia chuma, tukumbuke fedha ni za nani. Humo mna mali ya yatima, na Qur'ani imeonya vikali juu ya mali hiyo. Kwa hiyo swali si trekta lipi litaipa nyumba heshima, bali lipi litarudisha kila shilingi iliyotiwa ndani yake.

Jina kongwe lina thamani yake, nasi hatulidharau. Massey Ferguson 135 ilitengenezwa kuanzia mwaka 1964 hadi 1975, na hadi leo fundi mzoefu wa Afrika Mashariki huifungua na kuifunga bila kitabu, na vipuri vyake hutengenezwa na viwanda vingi. Hiyo ndiyo faida halisi ya umaarufu: si rangi wala nembo, bali fundi aliye karibu na kipuri kilichopo dukani.

Hata hivyo, umaarufu hutegemea mahali. Mahindra ya India huuza matrekta mengi kwa idadi kuliko kampuni nyingine yoyote duniani, lakini wapo wakulima wetu wanaoiona ngeni. Kwa upande mwingine, Ursus ya Poland ilianzishwa Warsaw mwaka 1893, na matrekta yake yakafika hata kuunganishwa Kibaha. Mwaka 2021 kampuni hiyo ikatangazwa kufilisika. Umri wa jina, basi, si dhamana peke yake.

Trekta la Kijapani lililotumika nalo lina mtihani wake. Mengi ya matrekta madogo yanayoletwa kwetu yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Maandishi yake ni ya Kijapani, na toleo lake laweza kutofautiana na lile la chapa hiyo hiyo linalouzwa nje, hata kipuri cha hili kisiingie katika lile. Saa zinazoonekana kwenye kipimo zaweza kurudishwa nyuma, na rangi mpya huficha mengi. Tunakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini limeloa, akamkemea muuzaji kwa kuuficha unyevu. Mnunuzi naye ana wajibu wa kutia mkono ndani ya rundo.

Kutia mkono ni hivi. Liwashwe trekta likiwa baridi, si baada ya muuzaji kulipasha moto. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya injini kula oili. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Linyanyue jembe, injini izimwe, kisha litazamwe kama linashuka upesi. Lipandishwe mlima likiwa na mzigo ili klachi ijulikane.

Kwa trekta jipya lisilo na jina, ukaguzi huanzia dukani. Muuzaji aulizwe injini imetengenezwa na nani, kwani mara nyingi injini hiyo hiyo hutumika katika chapa kadhaa. Aoneshe rafuni, si kwa maneno, sahani ya klachi, pampu ya haidroliki, filta na sili. Ataje wakulima watatu wanaolitumia, nao wafuatwe shambani bila yeye kuwapo. Dhamana iandikwe: ya muda gani, inahusu nini, na nani atagharimia safari ya fundi. Sheria yetu inampa mnunuzi hiyari ya kurudisha bidhaa iliyofichwa kasoro, lakini haki isiyo na maandishi ni ngumu kuidai.

Familia ile ilifanya hivyo. Fundi wa Ifakara aliwaambia kuwa toleo lile la Kijapani vipuri vyake ni vya kuagiza. Walipowafuata wakulima wenye lile la China, wawili walilisifu, na wa tatu alisema lilisimama wiki tatu katikati ya msimu likisubiri pampu. Muuzaji alipotakiwa kuandika kwamba ataweka pampu ya akiba, alikubali.

Wakubwa wakanunua la China kwa mafungu yao wenyewe. Fungu la yatima ami hakuligusa. Eneo lao hulimwa na trekta hilo kwa ujira wa kawaida, ukiandikwa daftarini mbele ya mama yao. Ami alituambia kuwa bado moyo wake uko kwenye jina alilolizoea, lakini jina lile lingekuwa lake, na hasara ingekuwa ya watoto.

Hatutoi fatwa, wala hatusemi China ni bora kuliko Japani. Tunasema kila nyumba imtafute fundi kabla ya muuzaji, na ijue fedha ni za nani kabla ya kuhesabu bei. Wallahu a'lam.