Kijana mwenye usonji: Maandalizi yaanze kabla ya kumaliza shule

Kijana mwenye usonji anapomaliza kidato cha nne hupoteza ratiba aliyoizoea kwa miaka. Wazazi wanashauriwa kuanza mapema:

Usajili: Afanyiwe tathmini ya ulemavu katika hospitali ya serikali, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Akitimiza miaka 18, achukue kitambulisho.

Mazoezi: Apande matatu ya Malindi hadi Watamu akisindikizwa, anunue samaki sokoni, ahesabu chenji. Afunzwe hatua moja baada ya nyingine.

Ufundi: Baadhi ya vyuo vya ufundi viko chini ya kaunti. Atembezwe chuoni kabla ya masomo, azoee mahali na kelele zake. Mkufunzi aelezwe mahitaji yake. Kifungu cha 54 cha Katiba kinalinda haki yake ya kusoma.