Mikuki Sita ya Hexacontium: Uainishaji, Kiunzi na Istilahi

Makala haya yanadhamiria kueleza uainishaji na kiunzi cha Hexacontium, jenasi mojawapo ya radiolaria. Lengo ni kupima dai linalosikika madarasani, Kisii na Nyamira zikiwemo, kwamba Kiswahili ni lugha ya fasihi tu, hakiwezi kubeba sayansi.

Radiolaria ni viumbe wa seli moja waishio baharini, wengi wao wakiwa wadogo kuliko milimita moja. Walio wengi hujijengea kiunzi kwa silika iliyoyeyuka majini. Wafapo, viunzi huzama na kujilundika katika vilindi vya bahari, Bahari ya Hindi ikiwemo, vikawa visukuku. Hata hivyo, msomaji asivitafute katika majabali ya Manga. Majabali hayo nayo yana silika tele, lakini yaliumbika kabla ya kipindi cha Kambria, ambapo radiolaria wa kale zaidi wanaojulikana ndipo walipotokea. Silika peke yake, basi, haithibitishi uhai. Umbo ndilo shahidi.

Umbo hilo ndilo msingi wa uainishaji. Oda mbili ni maarufu. Spumellaria, jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya povu, aghalabu wana viunzi vya tufe au kisahani. Nassellaria, kutokana na neno la mtego wa samaki, wana viunzi vilivyochongoka upande mmoja mithili ya mgono. Hexacontium kwa kawaida huwekwa katika Spumellaria. Jina lake ni la Kigiriki: sita, na mkuki.

Kiunzi cha Hexacontium kina maganda matatu ya tufe yenye matundu, kama tenga ndani ya tenga ndani ya tenga. Vijiti vyembamba huyaunganisha, kisha hutokeza nje kuwa miiba mikuu sita katika jozi tatu: juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Spishi hutofautishwa kwa sifa kama vile matundu na miiba.

Mjerumani Ernst Haeckel, katika ripoti yake ya mwaka 1887, alihesabu maganda: moja ni Hexastylus, mawili Hexalonche, matatu Hexacontium. Wataalamu wa leo huzingatia zaidi muundo wa ndani kabisa, pamoja na jenetiki. Mwanafunzi wa sarufi hatashangaa. Kiambishi cha "kiboko" humvuta kwenye ngeli ya KI-VI, ilhali upatanisho humrudisha kwenye A-WA. Sura ya nje haitoshi kuainisha neno, wala kiumbe.

Kwa kuhitimisha, istilahi hizi zinazotisha zilizaliwa na povu, mtego na mkuki, vitu vya kila siku. Kiswahili kina mgono, tenga na mwiba. Kilichopungua si msamiati, bali ni nia ya kuutumia. Mdharau mwiba mguu huota tende.