Mabingwa Watano wa Filamu kwa Mwanga wa Rungwe

Tukuyu, wilayani Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukungu wake haupigi hodi. Anayepiga picha kwa filamu hapa hutazama mwanga kwanza, ndipo achague mkanda. Kila bingwa ana bei yake.

Rangi kali kuliko zote: Fujifilm Velvia 50. Slaidi hii ilitoka mwaka 1990. Kijani cha mashamba ya chai ya Katumba baada ya mvua huiva humo kuliko macho yalivyokiona. Lakini haina msamaha: zidisha mwanga kidogo tu, mawingu yanakuwa meupe pe. Nyuso nazo hupiga wekundu, kwa hiyo si filamu ya harusi.

Iliyofufuka: Kodak Ektachrome E100. Kodak walisitisha Ektachrome mwaka 2012, wakairudisha 2018. Rangi zake ni tulivu. Ipeleke sokoni: mkungu wa ndizi utabaki kijani, na muuzaji atabaki na rangi yake mwenyewe.

Kali kuliko zote: ADOX CMS 20 II. Nyeusi na nyeupe, chembe zake ni ndogo mno. Mlima Rungwe, mita 2,960, huonekana mti kwa mti. Kasi ya ISO 20 inadai tripodi na siku isiyo na upepo.

Inayoona gizani: Ilford Delta 3200. Ni ya msituni, anakoishi kipunji. Tumbili huyu alitangazwa mwaka 2005 kwa ushahidi wa picha, bila mwili wake. Mwaka 2006, baada ya mmoja kupatikana amekufa kwenye mtego wa mkulima Rungwe, akapewa jenasi yake: Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani na tumbili wa Afrika tangu 1923. Kasi halisi ya filamu hii ni ISO 1000 hivi. Iliyobaki huongezwa wakati wa kuisafisha, na chembe huonekana wazi.

Yenye msamaha kuliko zote: Ilford HP5 Plus. Kwenye Daraja la Mungu, daraja la mwamba la asili, mwamba mweusi na povu jeupe la Mto Kiwira huingia pamoja bila kimoja kupotea. Husafishwa nyumbani kwa dawa ya nyuzi 20, wakati slaidi za rangi hudai nyuzi 38 bila kuyumba.

Mwenye pesa ya mikanda miwili tu achukue HP5 ya masika na Velvia ya asubuhi jua linapochomoza.