Mzima, na Bado Napima Damu

"Baba Asha, si ulishapona? Damu ya nini tena?" Majirani wa Chang'ombe huniuliza hivyo wakinikuta kituoni alfajiri nasubiri daladala. Wana haki ya kuuliza. Figo aliyonipa dada yangu inafanya kazi vizuri, na uso haujavimba tena.

Tangu Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, wengi wanajua habari za upasuaji. Yanayofuata hayasimuliwi sana.

Mwili huiona figo mpya kama mgeni, hivyo tunameza dawa za kupunguza kinga maisha yote. Kinga ikishuka, virusi tulivyoambukizwa utotoni, vikalala mwilini bila kutudhuru, hupata nafasi. Kimojawapo ni CMV, ambacho huleta homa na kuharisha, na hufika hadi kwenye mapafu. Hicho kina dawa.

Ninachokihofia zaidi ni BK. Kiligunduliwa London mwaka 1971 katika mkojo wa mgonjwa kutoka Sudan aliyepandikizwa figo, na herufi hizo ni za jina lake. BK haileti homa wala maumivu. Inaila figo kimyakimya. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, ikianza kupanda, mara nyingi madhara yameshaingia. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa inataka virusi hivyo vitafutwe kwenye damu kila mwezi kwa miezi tisa ya mwanzo, kisha kila miezi mitatu hadi mwaka wa pili.

Siku ya kipimo sinywi dozi ya asubuhi ya takrolimasi, dawa yangu ya kupunguza kinga. Kidonge nakiweka mfuko wa shati, nakimeza damu ikishachukuliwa, kwa kuwa daktari anataka pia kujua dawa iliyobaki mwilini. BK ikionekana, hakuna dawa ya uhakika ya kuiua. Daktari hupunguza dawa za kupunguza kinga kidogo kidogo, mwili upambane wenyewe. Akizidisha, mwili unaweza kuikataa figo. Kazi hiyo inataka namba za maabara. Kukisia hakufai.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyepandikizwa, usijipunguzie kidonge hata kimoja kwa kuwa unajisikia vizuri. Na ninyi wa nyumbani, tarehe ya kipimo ikifika mpeni nauli, hata kama hasemi panauma wapi.