Tarehe ya Mwisho Iwekwe Wapi?

Mwaka 1963 mwanasaikolojia wa Marekani, John Carroll, aliacha kuuliza mwanafunzi ana akili kiasi gani, akauliza: anahitaji muda gani ili aelewe, na je, anaupata? Benjamin Bloom akaiendeleza hoja hiyo hadi kwenye ujifunzaji wa umilisi: huvuki kwenda sura ya pili kabla hujaimudu ya kwanza, na anayechelewa huongezewa muda. Masomo ya mtandaoni yamelipokea wazo hili kwa mikono miwili, maana kompyuta haichoki kusahihisha. Wengine wakahitimisha kwamba makataa hayana kazi tena. Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Ushahidi wenyewe ni wa kabla ya intaneti. Katika miaka ya 1960 Fred Keller aligawa kozi ya saikolojia katika sehemu 30. Mwanafunzi alisoma sehemu moja, akafanya jaribio fupi, likasahihishwa papo hapo na mwenzake aliyekwisha kuimudu kozi. Akishindwa, alirudi kusoma bila kukatwa alama, kila mtu kwa mwendo wake. Mwaka 1990 James na Chen-Lin Kulik, pamoja na Robert Bangert-Drowns, walichambua tathmini 108 za programu za umilisi. Kwa wastani, mwanafunzi wa nafasi ya katikati angepanda hadi kuwapita karibu 70 kati ya 100, na wanyonge ndio walionufaika zaidi. Ila vyuoni, kozi zilizomwachia mwanafunzi ajipangie mwendo mara nyingi zilipunguza idadi ya wanaomaliza.

Carroll alizungumzia muda wa kuelewa. Kalenda inashughulikia muda wa kuanza. Asiyeanza hatuwezi kusema anajifunza polepole. Na akilimbikiza sehemu 12 hadi wiki ya mwisho, lile zoezi la kushindwa, kusahihishwa na kurudia halina tena nafasi.

Mtu atasema makataa humwadhibu mzito wa kuelewa, au anayefanya kazi za usiku na kununua bando kwa kubahatisha. Ni kweli, iwapo tarehe ikipita mlango unafungwa. Basi tarehe iwe ya jaribio la kwanza tu: kufikia Jumapili uwe umejaribu, kushindwa ruksa, kurudia bila kikomo. Mwingine atasema walioacha wangeacha tu. Baadhi, ndiyo, kwani wapo wanaojiandikisha kwa udadisi. Kwa sababu hiyohiyo, kozi yenye makataa na isiyo nayo zilinganishwe kwa kugawa wanafunzi kwa bahati nasibu, na wahesabiwe wote walioandikishwa, si waliofika mwisho peke yao.