Kifo cha Lumumba: nani walijua mbele ya Shilatembo?

Huko Kinsevere, kilomita karibu 30 kaskazini ya Lubumbashi, shaba ingali inachimbwa. Utajiri wa udongo huu ndio uliotegemeza utawala wa Moïse Tshombe, aliyetangaza tarehe 11 mwezi wa 7, 1960 kwamba Katanga inajitenga na Congo. Kodi za kampuni ya Union Minière zilijaza sanduku la serikali yake, na maofisa wa Ubelgiji walisimamia jeshi na polisi wake. Ni mikononi mwa utawala huo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa inchi, alikufa.

Tarehe 17 mwezi wa 1, 1961, Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa kwenye uwanja wa ndege wa Luano, wakiwa wamefungwa na kupigwa. Usiku huohuo walipigwa risasi huko Shilatembo. Tshombe na mawaziri wake kadhaa walikuwepo, pamoja na maofisa Wabelgiji. Kiisha, maiti zilifukuliwa na kuyeyushwa katika asidi.

Lakini mpango wa kumwondoa haukuanza siku hiyo. Mwezi wa 8, 1960, Allen Dulles, mkubwa wa CIA, aliandika kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la haraka. Mwezi uliofuata, mwanakemia Sidney Gottlieb alileta sumu Léopoldville. Haikutumiwa.

Brussels nako, waziri wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, aliandika mwezi wa 10 kwamba Lumumba anapaswa kuondolewa moja kwa moja. Tarehe 16 mwezi wa 1, alisukuma apelekwe Katanga, kwa maadui zake wakubwa.

Mwezi huohuo wa 10, meja Guy Weber, mshauri wa Tshombe, aliandikia jumba la mfalme Baudouin barua iliyoonyesha kwamba maisha ya Lumumba yako hatarini. Jumba la mfalme halikuonya serikali.

Tarehe 13 mwezi wa 2, 1961, waziri Godefroid Munongo alitangaza kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Wengi hawakuamini.

Ilipita miaka 40 mpaka tume ya bunge la Ubelgiji ikaamua, mwaka 2001, kwamba mawaziri fulani wa Ubelgiji na watu wengine wana daraka la kimaadili katika kifo hicho. Mwaka uliofuata, Ubelgiji iliomba radhi. Jino la Lumumba, lililochukuliwa na polisi mmoja Mbelgiji, lilirudishwa mwezi wa 6, 2022, likapitishwa Shilatembo, na kuzikwa Kinshasa.

Mwezi wa 6, 2025, waendesha mashtaka wa Ubelgiji waliomba mwanadiplomasia wa zamani Étienne Davignon afikishwe mbele ya mahakama. Ombi si hukumu. Lakini linaonyesha kwamba swali halijafungwa: aliyefyatua risasi ana kosa lake, na aliyejua akanyamaza je?